Unga Chini ya Ngoma

Kila asubuhi mtunza ngoma wa makumbusho alikuta unga chini ya ngoma kuu. Mkuu wake alishaamua: kama inaliwa na dumuzi, mdudu anayetoboa mbao na kuacha unga, ichomwe moto isije ikaambukiza zingine.

"Mwanangu, unga huo naufagia kila siku," mama mfagiaji alijisifu.

"Mama, umenifagilia ushahidi. Leo ufagio upumzike."

Akaitua ngoma kutoka kwenye kigoda chake kipya, akaiweka juu ya karatasi nyeusi, na kigoda juu ya nyingine. Kulipokucha alipiga magoti, roho juu. Karatasi ya ngoma ilikuwa safi. Ya kigoda ilijaa unga, na dumuzi mmoja kalala chali.

"Kumbe mzee wa watu alikuwa anasingiziwa," mama alisema akiipapasa ngoma.

Mtunza ngoma akakibeba kigoda hadi kwa mkuu. "Bosi, wa kuchomwa huyu hapa."