Landrova ya Melkizedeki na Chungu cha Mama Mkwe

Melkizedeki wa Mkiwa alikuwa mkono wa birika, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana Mkiwa nzima ilijua na yeye mwenyewe alijua. Ila ubahili wake alikuwa ameutafutia jina zuri. Tangu Azimio la Arusha litangazwe, na sasa ulikuwa mwaka wa pili, kila alipotakiwa kutoa shilingi alisimama wima, akakohoa, akasema, "Ndugu, hii ni siasa ya kujitegemea." Kiatu kikitoboka alishona mwenyewe. Jino likimuuma aling'oa mwenyewe, na lile pengo la mbele lilikuwa ushahidi.

Mali yake kubwa ilikuwa Landrova kuukuu, aliyouziwa kwa bei ya kutupa na mpima ardhi mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Alibebea watu alizeti, vitunguu na mbuzi mpaka Singida mjini. Gari lilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Breki ya mkono ilikufa zamani, ule mkono ukabaki wa kutundikia kofia. Breki ya mguu nayo ilikuwa imekwisha mpaka inasaga chuma kwa chuma, na kelele yake ilisikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Watu wa njia panda walishazoea, wakisikia ule mlio wanavuta watoto kando.

Siku moja alikuwa amempakia mkewe Magdalena na mtoto wao mchanga, Leonidas. Gari likakataa kusimama. Likapita katikati ya kibanda cha muuza kuku, likaenda kujipumzisha kwenye mti wa mgunga. Hakuumia mtu, ila kuku wawili hawakuinuka tena. Magdalena akashuka, akajipangusa manyoya, akamkaza mtoto mgongoni. Hakupiga kelele wala hakulia. Alipanda basi la Singida akaenda zake kwa mama yake, kijiji cha Mwankoko.

Wiki tatu zikapita. Jamani, mtu yule aliteseka! Alisonga ugali wenye mabonge, akaula peke yake, akawa anaibishia redio ili nyumba isiwe kimya. Alimtamani mkewe, akamtamani na mtoto, hata kilio chake cha alfajiri alikitamani. Mwishowe akatuma salamu za kuomba radhi. Jibu lilitoka kwa mama mkwe mwenyewe, Mama Alute, mwanamke mfupi asiyependa kurudia neno: "Binti yangu na mjukuu wangu watapanda gari linalosimama. Lilete hapa kwangu nilione kwa macho. Likishindwa, usije tena kuniuliza habari zao."

Basi Melkizedeki akaenda mjini kwa Mselemu, fundi ambaye baba yake na babu yake wote walifanyia biashara pale pale Singida. Mselemu akachungulia magurudumu, akasikitika kwa ulimi, akataja bei. Ilikuwa bei ya mbuzi wawili wazuri.

"Mbuzi wawili!" Melkizedeki alishika kichwa. "Bwana Mselemu, kwani unanifungia breki au unanioza binti yako?"

"Vifaa ni mbuzi mmoja, mkono wangu ni mbuzi mmoja."

"Basi nipe vifaa. Mkono ninao."

Mselemu hakubishana naye. Alimwuzia viatu vya breki vipya vinane, vile vipande vya chuma vilivyopindwa kama mwezi mchanga na kuvikwa bitana ngumu mgongoni. Bitana hiyo ndiyo inayobana gurudumu likasimama. "Nakupa neno moja la bure, kwa sababu napenda vya bure kama wewe," alisema. "Hapo kwenye bitana mafuta yasiguse. Hata jasho la kidole. Yakigusa, umenunua urembo."

Melkizedeki angeweza kuvifunga pale pale kando ya barabara akafika ukweni kazi imekwisha. Lakini hapana, sifa! Alitaka mama mkwe aone mwenyewe kwamba binti yake ameolewa na mwanamume mwenye mikono. Akaendesha kwa gia ya kwanza mpaka Mwankoko, akaingia uani, akapiga magoti kumwamkia Mama Alute akiwa anatazama chini, kama mkwe anavyotakiwa. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwenye gari." Hakumwita mwanangu. Magdalena alikuwa mlangoni na mtoto, akamsalimu kwa macho tu.

Haya, kazi ikaanza. Alipandisha gari juu ya mawe, akavua magurudumu, akagonga ngoma za breki mpaka zikatoka, akaondoa viatu vya zamani vilivyobaki vyuma vitupu. Vumbi jeusi likamjaa masharubu. Kila spana aliyoitumia aliifuta kwa kitambaa chenye petroli na kuirudisha mahali pake. Vile viatu vipya vinane akavipanga juu ya ngozi ya ng'ombe, safi, kwa mstari, kila mtu avione. Na majirani walikuja kweli kuviona. Mchana baba mkwe, Mzee Mughwai, akamwita ndani ale. Mkwe akiitwa chakula hasemi nina kazi. Akanawa, akaingia.

Huku nyuma Mama Alute alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, anatazama. Nao moyo wake, jamani, si wa jiwe. Alimwona kijana anatoka jasho, hapumziki, halalamiki, yote kwa ajili ya binti yake. Ukamlainika. Na katika nyumba ile kitu kipya hakianzi kazi kikiwa kikavu. Jembe jipya lilipakwa samli, kibuyu kipya cha maziwa kilipakwa samli, mtoto mchanga alipakwa, bibi harusi alipakwa. Mama Alute aliingia jikoni akatoka na kibuyu chake. Akainama juu ya ngozi, akavipaka viatu vya breki kimoja kimoja, vyote vinane, mgongoni hasa pale penye bitana, huku ananong'ona maneno ya kumwombea mkwe safari njema.

Melkizedeki alipotoka nje akijipangusa mdomo, vitu vyake vilikuwa vinang'aa juani.

"Nimevibariki," alisema Mama Alute, uso umemfunguka. "Sasa funga, mwanangu."

Mwanangu! Neno alilolingoja tangu siku ya harusi, limekuja leo, limekuja na samli. Kopo la petroli lilikuwa pale, kitambaa kilikuwa pale. Angeweza walau kujaribu. Lakini utaanzaje kufuta mkono wa mama mkwe mbele ya macho yake, na majirani wamejaa uani? Ni kama kumtemea mate. Na kumfundisha je, umwambie mama, hapa umeharibu? Mkwe gani huyo? Akatazama chini, akasema, "Asante sana, mama." Akafunga. Kila pini, kila springi mahali pake.

Magurudumu yaliporudi, Mama Alute alitoa chungu chake cha kupikia, kikubwa, alichorithi kwa mama yake, akakisimamisha katikati ya ua. "Nenda juu kule barabarani, uje. Usije unanyata. Njoo kama watu wanavyokuja. Simama mbele ya chungu."

Melkizedeki alipanda mpaka barabarani, akageuza gari, akafanya ishara ya msalaba, akaja. Kwenye mteremko akaanza kukanyaga. Breki ilishika vizuri mguuni, ngumu kabisa, ila magurudumu yakaendelea na safari yao bila wasiwasi. Akakanyaga kwa miguu miwili. Akavuta ule mkono wa kutundikia kofia, kofia ikaanguka. Chungu kikawa kinakua mbele yake. Alimwona Magdalena amefumba macho. Basi akakata usukani kwa nguvu zote, gari likakikwepa chungu kwa upana wa kiganja, likapita zizi, likazama mpaka kwenye taa ndani ya lundo la samadi.

Melkizedeki alishuka akiwa kijani mpaka magotini, akasimama anangoja hukumu, na moyoni alikuwa ameshampoteza mkewe.

Ndipo harufu ikaanza. Moshi mwembamba ulitoka kwenye magurudumu, mtamu, wa kupendeza, ukatanda ua mzima.

"Nani anakaanga?" aliuliza jirani mmoja, akimeza mate.

Mama Alute alisogea, akainama, akanusa gurudumu la mbele. Akanusa la nyuma. Akainuka polepole. "Hii ni samli yangu," alisema. "Ndiyo iliyozuia breki?"

Melkizedeki akainama kujipangusa samadi.

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na petroli unayo. Mbona hukufuta?"

"Ningefutaje mkono wako, mama?"

Mama Alute alimtazama, samadi mpaka magotini, pengo wazi, macho chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, akakaa chini, akacheka tena, na ua mzima ukamfuata. Lakini alipofuta machozi alisema, "Hata hivyo gari halikusimama. Na nilichosema nimesema."

Magdalena ndiye aliyejibu. Alimkaza Leonidas mgongoni, akakiinua kile chungu, akajitwika kichwani.

"Mama, ulisema nitapanda gari linalosimama. Halisimami, nami sipandi. Natembea kwa miguu mpaka kwa fundi. Chungu nakwenda nacho."

Wakaingia mjini hivyo hivyo, Magdalena mbele na chungu kichwani, Landrova nyuma kwa gia ya kwanza, inanuka samadi na maandazi. "Bwana," watu walimpigia kelele, "unaendesha gari au unachunga mke?" Naye alikaza shingo kama hasikii.

Mselemu alifungua ngoma ya kwanza, akarudi nyuma hatua mbili. "Bwana Melki! Nilisema hata jasho la kidole. Humu umepika pilau?" Kisha akainama tena, akagusa springi, akagusa pini, akakunja uso. "Bitana imekunywa mafuta, ya kutupa hii. Lakini nani alikufungia? Kazi safi. Mimi nisingepunguza wala kuongeza."

Loo, mtu alivyovimba! "Umesikia, Mama Leo? Kazi safi! Mimi mwenyewe!" Akasimama wima, akakohoa. "Basi, ndugu Mselemu, nipe vifaa vingine tu, maana hii ni siasa ya—"

Magdalena alitua chungu chini mbele ya gari, hatua tatu kutoka kwenye boneti. Akasimama nyuma yake na mtoto mgongoni.

Melkizedeki alikitazama chungu. Akamtazama mkewe. Pumzi zikamtoka.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "weka mpya. Weka wewe."

Jioni jua likiwa bado lipo, gari lilikuja mbio uani kwa Mselemu, likasimama mbele ya chungu, kimya, bila hata mlio. Magdalena alikiokota, akakiweka kwenye kiti katikati yao, akapanda.

Mama Alute alikidai mara mbili, kisha akaacha. Chungu kimewekwa Mkiwa, kando ya mlango. Mpaka leo Melkizedeki akisimama wima na kukohoa, Magdalena hambishii. Anakitoa tu nje na kukitua mbele yake, naye anaingiza mkono mfukoni.