Wasiokuwepo Foleni, Mokrzyny

Wanahistoria wanapoeleza kwa nini utawala wa Chama uliporomoka kwetu Poland, hutaja madeni ya nje, migomo ya bandarini, Kanisa, bei ya nyama na uchovu wa Moscow. Sina ubishi na hata sababu moja. Nilifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja, na najua jumla moja inaweza kutokana na namba nyingi. Naongeza ndogo moja tu, kwa kuwa nilikaa mita tatu kutoka pale ilipotokea: kituo cha kupigia kura namba nne, mji wa Mokrzyny, Jumapili ya tarehe 4 Juni 1989. Nilikuwa karani wa tume.

Yote yalianza na gari. Katibu wa Chama wa mji wetu, Zenobiusz Kurdziel, alikuwa amelingoja miaka kumi na mmoja. Alikwisha kupata vitambaa vya viti, turubai la kulifunikia wakati wa theluji, na tairi la akiba lililokaa sebuleni kwake ghorofa ya tatu, ambalo mkewe Honorata alilipangusa vumbi kila Jumamosi. Kilichokosekana ni gari lenyewe. Mwezi Mei mkoa ukatangaza kwamba katibu ambaye kituo chake kitafikisha asilimia tisini ya wapiga kura atapewa kibali cha kununua gari dogo mwaka huohuo. Tangazo lilitaka watu wafike. Halikusema wamchague nani. Hakuna mtu mkoani aliyedhani kwamba hilo lilihitaji kuandikwa.

Kurdziel aliwajua watu wake. Hakupoteza muda na hotuba. Alikwenda kiwanda cha karatasi, akazungumza na meneja kwa saa mbili, akarudi na lori lililojaa karatasi za chooni, kitu ambacho Mokrzyny haikuwa imekiona tangu Februari. Kila atakayepiga kura angenunua roli tatu mlangoni wakati wa kutoka. Habari hiyo haikubandikwa popote. Ilifika kila nyumba kabla lori halijazimwa.

Kufikia Jumamosi adhuhuri foleni ilikuwa imezunguka shule. Na palipo na foleni kwetu, pana kamati ya foleni, na kamati ya foleni Mokrzyny ilikuwa mtu mmoja: Bibi Pelagia Szczurek, mkaguzi mstaafu wa tiketi za reli. Alikuwa na daftari la mistari, rula na kalamu ya wino. Kila baada ya saa tatu aliita majina. Aliyeitika alibaki. Asiyeitika aliitwa mara ya pili, kisha akakatwa kwa rula, na namba yake ikaenda kwa aliyemfuata. Hakuwa na upendeleo. Katika foleni ya mashine za kufulia aliwahi kumkata shemeji yake aliyekuwa amekwenda kumzika mama yake. Mama huyo alikuwa mkwe wa Bibi Pelagia, ambaye naye hakufika mazishini, kwa sababu alikuwa ameshika daftari.

Milango ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo tatizo lilipoonekana. Miaka yote ya nyuma mtu alipewa karatasi, akaitumbukiza sandukuni jinsi ilivyo, akaenda zake. Mara hii ilibidi kukata majina usiyoyataka, na uliyemwacha bila kumkata ndiye uliyempigia kura. Pamoja na karatasi nyingine, kila mtu alipewa ile ya orodha ya taifa: majina thelathini na tano ya wakubwa, yamepangwa kwenda chini, kila moja na namba yake. Watu waliingia kwenye vibanda na kusoma. Kwetu mtu hakati jina ovyo. Nilipima kwa saa yangu: dakika nne kila mmoja.

Saa tatu asubuhi nilimwonyesha Kurdziel hesabu. Tulikuwa na vibanda vitatu na saa kumi na sita. Kwa mwendo ule wangepiga kura watu 720 kati ya 1,140, yaani asilimia sitini na tatu.

Aliigeuza karatasi yangu, akatazama na nyuma yake. Akaniuliza kama kuna njia nyingine ya kugawanya. Nikamwambia hakuna.

Wakati huohuo mzee Walerian Pypeć, fundi saa, alitoka kibandani akiwa bado na orodha mkononi, akamwendea Bibi Pelagia mlangoni. Alisema anataka kujua jambo moja kabla hajaharibu karatasi ya serikali.

"Hawa thelathini na tano wamo kwenye daftari lako?"

Bibi Pelagia alivaa miwani, akasoma orodha, akalinganisha na daftari. Alisema hawamo. Pengine, akaongeza, wamejiandikisha kwenye orodha nyingine, maana hii imepigwa chapa na ina namba. Ni orodha halali ya foleni, tena imeandikwa vizuri kuliko yake. Lakini orodha ni orodha, na saa ya kuita majina ilikuwa imefika.

Kurdziel alitoka mbio kuona kwa nini foleni imesimama. Mwanamke aliyekuwa namba mia moja arobaini na saba alimweleza kwamba kuna wakubwa thelathini na tano wamewekwa mbele ya kila mtu, na haijulikani kama wapo. Katibu hakusikia vizuri sehemu ya wakubwa. Alisikia kwamba foleni imesimama.

"Bibi Pelagia, nakuomba, fanya unavyofanya siku zote," alisema. "Ila harakisha."

"Kwa ruhusa yako, Bwana Katibu?"

"Ndugu Katibu. Ndiyo. Kwa ruhusa yangu."

Nilifungua kanuni za uchaguzi. Hazikukataza majina ya wagombea kusomwa kwa sauti. Yalikuwa tayari yamebandikwa ukutani. Niliandika hivyo kwenye kumbukumbu za kituo, saa tatu na dakika kumi na nne.

Basi Bibi Pelagia akayasoma, akiwa amesimama juu ya kiti cha darasa la kwanza. Aliita jina la kwanza, na cheo chake. Watu elfu moja wakageuza shingo, wakatazama upande wa kituo cha basi. Hakuna aliyeitika. Akaita mara ya pili, kama ilivyo desturi, kisha akasema hayupo. Akaenda la pili. Kwenye la tisa mtu mmoja nyuma alisema labda huyo amekwenda kwenye foleni ya maduka yao, ile isiyo na foleni, na watu wakacheka, lakini Bibi Pelagia aliagiza utulivu. Kwenye la ishirini Kurdziel alielewa kinachoendelea. Alinyanyua mkono, akafungua mdomo, akatazama saa yake, akatazama foleni, akashusha mkono. Nadhani alikuwa anaona tairi.

Baada ya hapo kila mtu alimaliza kwa nusu dakika. Walikata kwa kutumia rula.

Walipiga kura 1,098. Hiyo ni asilimia tisini na sita nukta tatu. Katika orodha ya taifa, karatasi 1,061 hazikubakiwa na jina hata moja. Baadaye nilimuuliza mzee Pypeć kama alikata kwa msimamo wa kisiasa. Alinijibu kwamba zile karatasi za chooni zilikuwa nyembamba mno.

Mkoa ulitimiza ahadi. Kurdziel alipata kibali, na Julai mimi na yeye tulisafiri kwenda mji mkuu wa mkoa. Mimi nilihitajika kuthibitisha namba, kwa kuwa siku hiyohiyo aliitwa na Kamati ya Mkoa kueleza sababu za kushindwa. Ghala la magari lilikuwa ng'ambo ya barabara. Magari yalikuwa kumi na tisa, wenye vibali arobaini. Mlinzi wa ghala akamwandika Kurdziel namba sita, akasema majina yataitwa saa nne, tukavuka.

Maelezo yake yalikuwa kurasa kumi na mbili. Yalitaja redio za nje, mapadri na hali ya hewa. Ndugu wa mkoa wakataka yasomwe kwa sauti, kisha wakauliza maswali, hasa kuhusu hali ya hewa. Ilipogonga saa nne Kurdziel alikuwa ukurasa wa saba, akichungulia dirishani.

Tuliporudi ghalani, mwenye daftari alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wenye vibali walikuwa wamemkodi kutoka Mokrzyny, kwa sababu sifa zake zilikwisha kuenea mkoa mzima.

"Bibi Pelagia," alisema Kurdziel, "mimi unanijua."

"Nakujua, Bwana Katibu. Ndiyo maana nilikuita mara mbili."

Hakumsahihisha kuhusu bwana. Aliuliza kama anaweza kuandikwa upya, akaandikwa namba arobaini, ya mwisho, na akasimama hapo mpaka gari la kumi na tisa lilipotoka. Mimi niliomba kuliona daftari. Mstari juu ya jina lake ulikuwa umenyooka.