Sigara Moja ya Mathieu

Mathieu, mwalimu wa kwaya pale Uvira, alivuta sigara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni. Wazee wa kanisa walipomwita na kumzuia asishiriki Meza ya Bwana, aliwauliza, "Minye silewi, wala sinyimi watoto chakula kwa ajili yake. Kwa nini muninyime mkate?"

Aliyemuumiza zaidi ni mkewe, Bernardine. Walipofika nyumbani alimwambia, "Kama ni moja tu na haikutawali, iache basi, tuone." Mathieu alitoka mlangoni na sigara yake. Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma, na kwaya ilipoimba midomo yake ilitikisika bila sauti.

Mwezi wa tano mwaka 1964, waasi waliingia mjini. Mathieu alikuwa ameenda kijiji cha Kiringye kumchukua mama yake, na njia ikafungwa. Bernardine akapanda milimani Lemera na watoto, wakapokewa na mzee mmoja wa huko, Ndikumana. Kila jioni mzee alipowasha kiko chake, Bernardine alisogea karibu na moshi. Alitamani kumsikia Mathieu akikohoa kidogo mlangoni, akijifanya anatazama mawingu.

Mchungaji wao, aliyekimbilia huko pia, alimkuta hapo siku moja. Bernardine akamuuliza, "Mchungaji, ile sigara ilikuwa dhambi?"

Mchungaji akaketi. "Mwili ni hekalu. Tulimwambia hivyo, na bado naamini. Ila yeye tulimnyima mkate kwa sigara moja, na wasengenyaji tuliwapa bila kuwauliza kitu. Hiyo inanisumbua."

Mwaka uliofuata, mji ulipotulia na watu kurudi, Bernardine pia, Nasoro, mfanyabiashara aliyezoea kuvuka mpaka, alimletea Bernardine barua. Mathieu alikuwa mzima, Bujumbura ng'ambo ya mpaka, alikokimbilia na mama yake. Alikuwa amemzika mama yake huko. Sigara hakuwa nayo, na bado aliitamani. Aliuliza kama kanisa limemsamehe, maana aliona haya kurudi.

Bernardine aliomba kalamu palepale. Aliandika kwamba wazee hawajakubaliana. Kisha akaongeza: "Nilikosea kukuacha peke yako kule nyuma. Rudi. Uvute, usivute, nitakaa karibu na weye."

Baada ya wiki tatu Nasoro alirudi. "Aliisoma mara mbili," alisema, "halafu akauliza kamioni ya kwenda Uvira inaondoka siku gani."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hata minye sijui. Mpaka unafungwa, unafunguliwa."

Tangu siku hiyo, kila kamioni iliyotoka upande wa mpaka ilimkuta Bernardine amesimama barabarani, mikono ina unga wa muhogo.