Kinyozi Aliyeingia Majini

Wateja walipomuuliza kinyozi kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini na tatu anashiriki triathloni, yaani anaogelea, anapanda baiskeli kisha anakimbia, yote asubuhi moja na bila kufukuzwa na mtu, alikuwa na jibu kwa kila kichwa. Mwenye kitambi alimwambia ni kitambi. Mwalimu mstaafu alimwambia ni presha. Bwana harusi mtarajiwa aliyekuja kuchongwa ndevu alimwambia, "Ukishaoa utahitaji mahali pa kukimbilia," na saluni nzima ikaangua kicheko.

Sababu ya kweli hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Miaka mitano nyuma alimpeleka binti yake kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, kando ya bwawa la kuogelea. Binti huyo alikuwa na miaka minne, mwembamba hadi wote walimwita Njiti. Alikuwa anafukuza puto. Puto likaangukia majini, upande wa kina kirefu, naye akalifuata. Kinyozi alifika ukingoni mbio, akasimama. Hakujua kuogelea. Alisimama pale na viatu vyake vyeusi vya kung'aa, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea mzigo. Aliyeruka ni dada wa usafi, na sare yake na glavu zake za mpira. Akamtoa mtoto, akampigapiga mgongoni. Njiti akakohoa, akalia, kisha akadai puto lake.

Mkewe, aliyekuwa zamu kwenye duka la dawa, aliambiwa jioni kwamba mtoto "alilowa kidogo."

Wiki iliyofuata kinyozi alirudi kwenye bwawa kumshukuru yule dada. Akashukuru mpaka maneno yakamwishia, kisha akajikuta anasema, "Nifundishe."

Dada akaegemea fagio lake, akamtazama toka juu hadi chini. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Basi wewe ni mtoto mkubwa. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaanza kupiga deki."

Alikunywa maji ya bwawa lile mpaka dada akamwambia awabakizie na wenzake. Ilimchukua miezi minne kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na siku aliyovuka alikaa kwenye ngazi akilia, akisingizia dawa ya maji imemwingia machoni. Dada mwenyewe alikuwa mwanamichezo wa siku nyingi. Ndiye aliyemshawishi kuendelea. "Kuogelea sasa unajua," alimwambia. "Baiskeli unakuja nayo kila siku kazini. Na kukimbia, nani hajui kukimbia?" Shindano lake la kwanza kinyozi alimaliza wa tatu kutoka mkiani, miguu imelegea kama uzi uliolowa, na hakuwahi kujisikia mzima namna ile.

Sasa Njiti alikuwa na miaka tisa. Mchana mmoja, saluni ikiwa haina mteja, aliingia na karatasi mkononi. Lilikuwa tangazo la mashindano ya watoto: kuogelea mita hamsini, baiskeli kilomita tatu, kukimbia mita mia tano.

"Baba, niandikishe."

"Baiskeli na kukimbia, sawa. Kuogelea hapana."

"Lakini amenifundisha yule yule aliyekufundisha wewe!"

"Nimesema hapana, mwanangu."

Njiti hakulia. Alipanda kiti cha wateja, miguu ikining'inia, akamtazama baba yake kupitia kioo.

"Ni kwa sababu ya lile puto?"

Kinyozi aliiweka chini mashine aliyokuwa anaisafisha. "Kumbe unakumbuka?"

"Nakumbuka viatu vyako. Vilikuwa vinang'aa kule juu. Nilikuwa naviangalia."

"Nilisimama tu," alisema. "Nilikuona unazama, nikasimama. Sikujua kuogelea."

"Ndiyo maana ukaenda kujifunza?"

"Ndiyo."

Njiti akafikiri kidogo. "Mimi nilidhani ni kitambi."

Jioni ile kinyozi alimweleza mkewe yote. Mkewe akamtupia kitambaa cha kufutia vyombo, kikamwangukia usoni.

"Alilowa kidogo! Miaka mitano!" Halafu akamsogelea, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Na wewe miaka yote hiyo unabeba peke yako. Mwandikishe mtoto, Baba Njiti. Ila ukingoni husimami. Utakaa benchi, ubavuni kwangu."

Siku ya mashindano walikaa benchi. Njiti alijitosa na wenzake, kofia nyekundu kichwani, akaenda vizuri hadi katikati ya bwawa. Hapo akasimama, akashika kamba.

Kinyozi alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Mkewe akamdaka mkanda wa suruali. Dada wa usafi, aliyekuwa mlinzi wa majini siku hiyo, aliinua kiganja kumzuia bila hata kugeuka, macho yake kwa mtoto. Kinyozi akaketi. Kuketi kule kulikuwa kugumu kuliko kuogelea kote alikowahi kuogelea. Njiti alihema, akatema maji, akarekebisha miwani yake, akaachia kamba, akaendelea.

Kwenye baiskeli alimpigia kengele kila aliyesimama njiani. Kwenye kukimbia alisahau kuvua helmeti, akakimbia nayo ikimchezacheza kichwani hadi mwisho, watu hoi kwa kicheko. Akawa wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili.

Baadaye alilala chali kwenye nyasi, miguu kaipakata mama yake.

"Mbona ulishika kamba?" kinyozi akauliza.

"Nilichoka. Dada alisema ukichoka shika kamba, hakuna wa kukuchapa." Akafumbua jicho moja. "Mama, mwakani na wewe?"

"Mimi na miguu yangu tumeelewana. Yenyewe inanisimamisha dukani wiki nzima, mimi Jumapili siigusi."

"Kuogelea tu, basi. Baba atakufundisha."

Mama akamgeukia kinyozi, ambaye bado alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Huyu?" akasema. "Kwanza avae kiatu."