Wageni kutoka Mlunguni

Jumanne moja ya mwaka 1975, saa nne asubuhi, Domina alikuwa amesimama mbele ya bomba la kioo katika maabara ya utafiti mjini Kilosa, akiangalia matone. Bomba lilijaa chembe nyeupe laini, mfano wa sembe iliyolowa, na kila chembe ilikuwa imepakwa vipande vya vijidudu vya malale. Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Unamimina seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yake, kwa juu. Kingamwili zinazoujua ugonjwa ule zinang'ang'ania chembe, mengine yote yanapita. Unaosha kwa maji ya chumvi. Kisha unatia tindikali kidogo, chembe zinaachia, na kingamwili zinadondoka kichupani zikiwa safi.

Seramu ya siku hiyo ilitoka Mlunguni, kijiji kipya pembeni mwa mbuga ya Mikumi. Watu wake walipakiwa kwenye malori kule bondeni, wakashushwa katikati ya pori la ndorobo, mbung'o waenezao malale, na nyumba walizoacha zikachomwa ili wasirudi. Malale ilipoingia, Domina mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwatoa damu. Aliagizwa awaambie kwamba dawa inafuata. Akawaambia.

Alipotia tindikali, Siwema binti Mwinshehe wa Mlunguni alitoka pamoja na matone, akapiga chafya, akakaa kwenye stuli. Alikuwa amezikwa mwezi wa tatu.

"Shikamoo, mama," Domina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ile dawa imefika?"

"Bado, mama."

"Basi nitangoja."

Mkuu wa maabara, Daktari Melkizedek, aliingia kutafuta kalamu yake.

"Huyu ni mgeni wa nani?"

"Ni wa chupa namba saba, Daktari."

"Asikae karibu na jokofu," akasema, akatoka.

Kufikia Alhamisi walikuwa tisa, kila mmoja ametoka kwenye chupa yake, wamekaa sakafuni wameegemea ukuta. Hawakumsumbua mtu. Mzee Kasian aliomba dirisha lifunguliwe, tindikali ilikuwa ikimwasha macho. Wanawake wawili walibishana juu ya mpaka wa mashamba ya mpunga waliyoyaacha bondeni. Domina aliwachemshia chai, akamkabidhi kila mmoja kikombe. Kingamwili za watu hawa alizifunga kwenye barafu kwa mikono yake, zikapanda ndege kwenda Ulaya. Barua zake za kuomba dawa zilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Ijumaa akaja ofisa wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Aliwatazama wale tisa, akataka kuona vibali vyao vya kutoka kijijini.

"Hatujatoka," Siwema akamjibu. "Makaburi yetu yako kule kule mlikotupeleka."

"Bila kibali ni uzururaji, ndugu."

"Hawa wamekufa kwa kukosa dawa tuliyowaahidi!" Domina akapaza sauti. "Sisi! Kwa midomo yetu!"

"Hilo si la idara yangu," ofisa akasema, huku akiandika majina.

Wakapakiwa kwenye lori. Siwema alipanda wa mwisho, Domina akimshika mkono.

"Nisamehe, mama. Nilitumwa."

"Ulitumwa, mwanangu. Lakini mdomo ulikuwa wako."

Lori likaondoka kuelekea Mikumi.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka Ulaya. Ilisema kingamwili za Mlunguni ni bora kuliko zote walizowahi kupokea, na iliomba seramu zaidi. Habari ya dawa haikuwamo. Daktari Melkizedek akamkabidhi Domina boksi la sindano. Domina akalirudisha mezani.

"Siendi tena kuwadanganya wale watu."

Saa sita alikuwa ameachishwa kazi. Saa nane Cleopa, aliyekuwa akiosha chupa, alipanda gari la Mlunguni na boksi mapajani, akikariri njiani maneno ya kuwaambia.

Daktari alilitazama gari mpaka likapotea. Kisha akaketi, akamwandikia seremala wa mjini amtengenezee mabenchi mawili marefu, kwa kuwa wageni wa safari hii wangekuwa wengi.