Kopo Halirudi Tupu

Jamani, mimi si mtu wa kununa, lakini siku ile nilikuwa nimefura. Makopo yangu ya chakula yalikuwa yametoka na hayarudi, na kesho yake afisa mazingira anakuja kukagua.

Mnajua sheria ilivyo siku hizi. Mifuko myembamba ilipigwa marufuku, sisi wapishi tukaambiwa tupakie kwenye makopo magumu ya plastiki, ya kuosha na kutumia tena. Afisa alinionya mwenyewe: "Kopo hili lina plastiki nyingi kuliko mfuko. Likitumika mara moja likatupwa, umechafua kuliko mwanzo. Yasiporudi, leseni naichukua." Leseni ikienda, jiko linazimwa, na jiko ndilo linalonilisha mimi na mdogo wangu.

"Wateja wako wezi," mdogo wangu akasema huku akimenya vitunguu. "Wanayatumia kuwekea sukari."

"Leo watanitambua!" Nikaivuta aproni yangu, ile iliyokatika kifungo nikaishikiza kwa pini, nikashuka ngazi.

Nilianza na mama mshonaji wa chini, mteja wangu wa siku nyingi ambaye siku hizi alikuwa haonekani. Hata hodi sikupiga vizuri.

"Mama, makopo yangu yako wapi?"

Alisimamisha cherehani, akafungua kabati. Yalikuwa mle, yameoshwa yakang'aa, yamefunikwa kitambaa. Hasira zikanizidi.

"Sasa mbona huleti?"

"Nilete matupu, mwanangu?" Alishangaa kweli. "Wewe unanijazia kuliko ninacholipa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikawa nangoja nipate cha kuweka, na kazi nayo imekauka, hata limau sina. Mwisho nikaona haya kuja kununua na vyombo vyako nimevikalia."

Mtu amekaa na njaa yake kwa sababu ya adabu, na mimi nimekuja kumfokea! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama, yakirudi matupu ndiyo unaniokoa," nikasema polepole. "Kesho lete, nami nijaze."

"Kumbe! Basi hata wenzangu wa ghorofani wanangoja vivyo hivyo. Nitawaambia."

Kesho yake yakaja, lakini wapi! Moja lina nyanya, jingine chumvi, jingine pilipili mbili. Afisa akawa anafunua mifuniko na kutikisa kichwa.

"Kanuni inasema yarudi matupu."

"Wewe ulitaka yarudi," nikamjibu. "Haya, si yamerudi?"

Akacheka mwenyewe, akagonga mhuri kwenye leseni.

Mama mshonaji aliingia wa mwisho. Kopo lake lilikuwa jepesi, nikashukuru kwamba angalau yeye amenisikia. Nikalifungua nimpakulie. Ndani mlikuwa na kifungo kimoja cheusi, na yeye mkononi keshatunga uzi kwenye sindano.

"Simama hapo penye mwanga," akasema. "Hiyo pini itakuchoma."