Anwani Husomwa Kutoka Mwisho

Jamani, kama kuna mtu aliyestahili jina lake la utani, ni yule fundi wa kuchomelea waliyemwita Chapchap. Geti la siku tatu alilimaliza kwa siku moja, na bado akakwambia chai ndiyo iliyomchelewesha. Alikuwa fundi kwelikweli, hilo halina ubishi. Ila haraka aliyoizoea kwenye vyuma aliipeleka hata isikotakiwa, na nusura imponze mdogo wake wa kike.

Binti huyo, muuguzi aliyehitimu juzijuzi tu, alikuwa amepata nafasi ya kazi hospitalini. Barua ilisema wazi: thibitisha kwenye tovuti ya baraza la wauguzi kabla ya saa sita mchana, Ijumaa, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Ijumaa yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo, saa nne na robo.

Walikuwa watatu kwenye kiofisi cha karakana, mbele ya kompyuta iliyojaa vumbi la chuma. Wa tatu alikuwa shangazi yao, aliyewalea tangu wakiwa wadogo, na ambaye kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipanga barua posta. Alikuja kuleta vipimo vya dirisha lake, akasikia habari za nafasi ya kazi, akagoma kuondoka.

"Bado sijathibitisha nafasi," muuguzi alisema. "Kaka, tuingie sasa hivi."

Chapchap akavuta kibodi kabla mwingine hajaigusa. Aliandika jina la baraza kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza jibu la kwanza kabla hata majibu mengine hayajatokea. Nembo ya baraza ikaja, na rangi zake, na picha ya muuguzi anacheka meno yote nje. Chini yake saa nyekundu ilikuwa ikihesabu: zimebaki dakika tisa! Jaza namba ya usajili na neno la siri!

"Toa mkono," shangazi akasema.

"Shangazi, dakika tisa!"

"Za nani? Barua inasema saa sita. Huyu anayekukimbiza kuliko baraza lenyewe anataka nini kwako?"

Alivaa miwani, akavuta kiti, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaweka kidole kwenye anwani iliyo juu ya ukurasa, akaanza kuisoma kinyumenyume. Chapchap alitaka kucheka. Alimwona mama mtu mzima anatafuta herufi kwa kidole, akajisemea moyoni, leo tutalala hapa.

"Posta hatukuanza na jina," shangazi alisema. "Jina la juu mtu yeyote anaweza kuliandika, hata la mfalme. Tulisoma mstari wa chini kwanza: nchi, mji, halafu sanduku. Huko ndiko barua inakokwenda. Haya, tazama. Mwanzoni pameandikwa baraza la wauguzi, vizuri sana. Sasa fuata mpaka kwenye mkwaju, huu mstari ulioinama unaofunga jina. Jina la mwisho kabla ya hapo ndilo la mwenye nyumba. Ni nani?"

Muuguzi akasoma. Halikuwa baraza. Lilikuwa jina la ajabu ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

"Na rudi nyuma kwenye majibu," shangazi akaendelea. "Unaona kando yake kumeandikwa 'Tangazo'? Mtu kalipia akae juu. Kuwa wa kwanza si kuwa wa kweli, mwanangu."

Basi hapo ndipo Chapchap aliposukuma kiti nyuma. Jasho lilimtoka kama aliyekuwa anachomelea juani. Alimtazama mdogo wake, akatazama mlango, akatamani ardhi ipasuke.

"Nilishajaza jana," akasema.

"Umejaza nini?" muuguzi akauliza.

"Humo humo. Namba yako, na neno la siri uliloliandika nyuma ya barua. Nilitaka nikushtue leo, nikwambie tayari. Wakaniandikia hongera."

Muuguzi akashika kichwa. "Kaka! Miaka mitatu nimesoma!" Akaanza kulia, na Chapchap naye machozi yakamlenga, maana mdogo wake huyo anampenda kuliko karakana yote.

Ungedhani shangazi atafoka. Hata! "Kulia baadaye," alisema. "Nipe barua."

Anwani ya baraza ilikuwa imechapwa chini ya barua. Hakutafuta tena popote. Aliiandika kama ilivyo, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, akairudia yote kuikagua ndipo akabonyeza. Chapchap alimtazama, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona uzembe katika mwendo ule wa polepole. Aliona ufundi. Alijiuliza ni maelfu mangapi ya barua yaliyofika salama kwa sababu ya kidole kile, na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Muuguzi akaingia. Akapiga kelele. Palikuwa pameandikwa: ombi la kuacha nafasi limepokelewa leo saa mbili asubuhi, litakamilika saa sita mchana.

"Wezi wanataka kuiuza nafasi yako!" Chapchap akasema.

"Badilisha neno la siri kwanza," shangazi akaamuru, "wasirudi nyuma yako. Jipya, refu, na lisiandikwe nyuma ya barua. Haya, sasa futa ombi. Sasa thibitisha."

Muuguzi alibonyeza mara tatu. Nafasi imethibitishwa. Ndipo shangazi akapiga simu barazani kwa namba iliyo kwenye barua, akaeleza kila kitu, na aliyepokea akasema ameandika na atafuatilia. Saa tano kasorobo.

"Nitukane, shangazi," Chapchap akasema. "Nimestahili."

"Ungenyamaza ndipo ningekutukana. Umesema kabla ya saa sita."

Muuguzi akapangusa uso. "Wenzangu wa darasa bado. Wengi wanathibitisha leo."

Chapchap, mtu ambaye geti likipinda husema ukuta ndio umepinda, aliomba simu ya mdogo wake. Akafungua kundi la darasa, akarekodi kwa sauti yake mwenyewe: "Mimi ni kaka yake mwenzenu. Jana nilitapeliwa kwa haraka zangu, nikawapa wezi neno lake la siri. Msibonyeze jibu la kwanza. Andikeni anwani iliyo kwenye barua." Sauti ilimkatika katikati, lakini hakuifuta wala kuirudia. Akaituma hivyo hivyo.

Haikupita dakika mbili, simu ikaita. Alikuwa msichana wa darasa lao, anahema.

"Kaka," alisema, "nilikuwa nimeshaandika nusu ya neno la siri."